Bunduki Moja Ndiyo Itabaki

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, pikapu ya Komanda, mkuu wa klabu yetu, ilipoingia kinyumenyume kwenye uwanja wa shabaha wa Kajaga na kuteremsha blanketi tatu za kijivu, zimefungwa kwa kamba ya katani kama mizigo ya watu wanaohama. Saa naikumbuka kwa sababu ndege ya asubuhi ilikuwa ndiyo inapanda kutoka uwanja wa ndege, na kwetu ndege ikipita sheria ilikuwa moja: kila mwenye bunduki anavuta komeo nyuma, analiacha wazi, anaondoa mikono, anangoja mpaka sauti iishe. Wengine walikuwa wanangoja wamenuna. Furaha, rafiki yangu, alikuwa anasimama na kuzipungia mkono. "Bai-bai, watu ya Ulaya!" anapiga kelele, hata kama ndege inaenda Kigali tu. Siku hiyo alipunga, akageuka, akaziona zile blanketi, akanikamata mkono. "Zaina, zile si watu wamekufa?" Nilimwambia apana, ni bunduki. Akazihesabu kwa kidole, akasema, "Basi ni ndugu yao."

Nina miaka kumi na tisa sasa. Wiki iliyopita Furaha amenitumia sauti kwenye simu kutoka huko walikopelekwa, kwenye baridi, na nimeisikiliza nikiwa nachambua mchele mpaka bibi yangu akaniuliza kama mchele una mawe mengi hivyo. Anasema huko wanaangalia upepo kwa bendera ndogo za plastiki zilizopangwa mstari. "Hakuna nguo hata moja, Zaina. Hakuna moshi. Upepo wa huku hauna harufu, utausoma namna gani?" Kisha anauliza: "Na Mukecuru? Angali yuko muzima?" Sauti inakatika hapo. Nimemjibu kwa maneno machache, kwa sababu mi kusema kunanishinda, hata kwa simu, hata kwake. Kuandika ndiyo naweza. Kwa hiyo naandika, na najua kwamba kila ninachoandika kuhusu ule mwaka kinaishia upande uleule, kama bunduki ninayotaka kuieleza.

Klabu yetu ilikuwa kitu kidogo: kibanda cha matofali, buvette, yaani baa ndogo, yenye meza tatu, na uwanja mrefu uliokatwa kwenye matete, ukiishia kwenye kilima cha udongo mita mia tatu mbele. Nyuma ya kilima kulikuwa mchanga, na baada ya mchanga, ziwa. Mwalimu Rajabu, aliyekuwa anatufundisha mazoezi ya viungo shuleni, mtaani kwetu Bwiza, ndiye alitupeleka. Mimi alinichagua kwa sababu nilikuwa natulia. Furaha alikuja kwa sababu alikataa kubaki. Tulijifunza kwa bunduki za upepo, zile za kutoboa karatasi hapo karibu, na kwa mwaka mzima hatukuwahi kulala nyuma ya bunduki ndefu. Sasa zilikuwa tatu, zimelazwa juu ya meza ya buvette kati ya chupa za soda, na Komanda, mwanajeshi mstaafu mwenye tumbo na sauti, akatueleza. "Muzee muzungu wa karakana ya mashua amerudi kwao. Ametuachia hizi. Lakini leseni ya klabu ni ya bunduki ndefu moja. Moja! Kiangazi ikiisha, moja inabaki, mbili nazirudisha kwa serikali, zinakatwa na msumeno." Mwanachama mmoja, muuza vyuma wa Jabe, akasema ni dhambi. Komanda akamwambia, "Dhambi ni kuwa na bunduki bila karatasi, mon cher. Tumeshatubu hiyo."

Nyumbani nilimwambia Bibi. Bibi yangu ni mtu wa Bwiza tangu Bwiza ina njia za vumbi, na alikuwa anakata kitunguu bila kuangalia. "Mutoto wa kike, wa kiislamu, na bunduki," alisema. Nikamwambia, "Bibi, tunapiga karatasi tu." "Karatasi imekukosea nini?" Furaha alikuwa na jibu la kwake. Walikuwa wamevuka mpaka wakikimbia vita upande wa Uvira, yeye akiwa mdogo, usiku, na mama yake alikuwa hapendi kusikia hata mlango unaopigwa na upepo. Siku moja nilimuuliza kwa nini yeye, katika watu wote, anapenda kwenda kule. Tulikuwa tunakula kwao, bugali ya muhogo na ndagala za kukaanga, zile dagaa za ziwa letu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, mabegi yao manne yamepangwa ukutani tangu mwaka uliotangulia kwa sababu watu wa ofisi ya wakimbizi waliwaambia safari ya kuhamia ng'ambo inaweza kuja wakati wowote. Alitafuna kwanza. "Kwetu nilisikia bunduki siku nyingi. Sijawahi kuona moja inalenga kitu. Nataka kuona ile inayofanya kile imeambiwa, basi." Mama yake, nyuma ya pazia, alisema, "Kuleni, munaongea bintu ya wanaume." Tukala.

Majina yalikuwa kazi ya Furaha. Ile ya kwanza, ya plastiki nyeusi, nene, ya kisasa, aliiita Nyeusi bila kuhangaika. Ya pili ilikuwa na ubao wa rangi ya asali chini ya mtutu, umechongwa swala anayeruka, na komeo lake lilikuwa linateleza kama kisu kwenye siagi; hiyo ikawa Madame. Ya tatu ilikuwa bunduki ya zamani ya kijeshi iliyobadilishwa kwa ajili ya shabaha, mtutu mzito, ubao wa kahawia umejaa mikwaruzo, kitako kimefungwa ngozi iliyopasuka. Alipoiinua alisema, "Aa, huyu ni mukecuru," yaani bibi kizee kwa Kirundi, na hata Komanda alicheka. Wanachama walipenda Madame. Walikuwa wanapiga naye picha. Muuza vyuma alisema ukiwa na mke kama huyo humwachi nyumbani peke yake, na wenzake wakamwambia ndiyo maana wake alimwacha yeye.

Mwalimu Rajabu hakutuambia ipi ni nzuri. Alikuwa mtu wa kuuliza. Kwanza alitoa makomeo yote, akatuambia tutazame anga kupitia mitutu. Wa Nyeusi ulikuwa umeliwa na kutu ndani; unyevu wa ziwa umeushinda, ukiangalia unaona madoa kama ukuta wa choo. Ya kwanza ikatoka hapo, bila risasi hata moja. Wa Mukecuru ulikuwa unang'aa, mifereji yake inazunguka mpaka mwisho kama maji yanayoshuka kwenye tundu. Halafu kifyatulio: cha Mukecuru kilikuwa kinaachia ghafla, bila kuburuta, na kidole changu kilikuwa kinashangaa kila mara. Halafu kitako: nikilala nyuma yake, shavu langu linakaa palepale bila kutafuta, kama limekatiwa. Mwisho Mwalimu alichukua karatasi ya biskuti, akaikunja mara moja, akaipitisha kati ya mtutu na ubao, kutoka mbele mpaka karibu na komeo. Ikapita bila kugusa. "Mtutu usiguswe na kitu," alisema. "Ukipata moto unatanuka. Ubao ukiugusa, unausukuma, na kila risasi inaenda njia yake." Furaha aliihifadhi ile karatasi kwenye sidiria yake, akasema ni dawa.

Kisha tukapiga, Jumamosi kwa Jumamosi. Mimi nilikuwa nalala nyuma ya bunduki juu ya mifuko ya mchanga, Furaha analala kushoto kwangu na darubini ya kuangalia mbali, ananisomea upepo. Hakuna mtu aliyemfundisha. Alikuwa anaangalia nguo za wanawake wa Kajaga zilizoanikwa upande wa kulia, kisha moshi wa mahali wanapokausha samaki, kisha matete ya karibu na kilima, vitu vitatu, na ananiambia kwa sauti ya chini kana kwamba anasengenya. "Kitenge ya njano inainuka. Ngoja. Moshi imelala. Ngoja... ngoja... sasa." Hiyo "sasa" yake. Nimeitafuta kwa watu wengi tangu pale. Wanasema sasa, lakini hawasemi ile. Madame kila siku alikuwa anaanza vizuri, risasi ya kwanza katikati, ya pili karibu, halafu mtutu wake mwembamba unapata moto na anaanza kutembea. Ni bunduki ya mwindaji, anahitaji risasi moja tu na swala mmoja. Mukecuru alikuwa anakosa. Risasi zote tano zilikuwa zinaenda chini kushoto, nje ya duara jeusi, lakini ukitembea mpaka kwenye karatasi Furaha anaweka kiganja chake na kinayafunika matundu yote. Niliomba tusogeze darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki, zirudi katikati. Mwalimu alikataa. "Darubini tutaigusa siku imechaguliwa. Kwanza tujue tabia yake." Wanachama, wakinywa buvette, walikuwa wanaona tu kwamba ile ya zamani haipigi katikati. Niliwasikia nikiwa nanawa mikono nyuma ya ukuta. "Yule mutoto anayenyamaza anapenda kile kizee." "Wanafanana. Vyote havisemi."

Safari yao ilikuja kiangazi kikiwa karibu kuisha. Furaha aliniambia njiani, tunapita soko la Jabe, kwa namna anayomwambia mtu bei ya nyanya. Wataondoka Jumapili, ndege ya asubuhi mapema. Na Jumamosi yake, siku moja kabla, Komanda alikuwa ameweka jaribio mbele ya kamati. Nilifurahi kwa ujinga kwamba siku hizo mbili zimefuatana, kwamba atakuwepo. Nilikuwa nawaza kama Mukecuru akikatwa na msumeno na Furaha akiondoka wiki hiyohiyo, nitabaki na nini cha ule mwaka? Sikuwa na picha nzuri hata moja. Tungekuwa tumepotea wote watatu.

Jumamosi ya jaribio nilifika nikakuta Mukecuru anang'aa. Ubao wake ulikuwa laini, mweusi wa kupendeza, unanuka sabuni ya kufulia na mafuta ya mawese. Furaha alikuwa anatabasamu pembeni. Sikujali. Kwetu kitu kikitolewa mbele ya wageni lazima kioshwe, kiwe sufuria, mtoto au kiti, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepiga pasi shungi langu mara mbili. Kamati ilikaa kivulini: Komanda, muuza vyuma, na wengine wawili waliokuwa wanakuja siku za nyama ya kuchoma tu. Nikapiga Madame kwanza. Risasi ya kwanza ikakaa katikati kabisa, wakapiga makofi mpaka mhudumu akatoka jikoni. Nne zilizofuata zilitawanyika, lakini ndani ya karatasi, na makofi yalikuwa yameshapigwa. Kisha Mukecuru. Furaha akanisomea nguo, moshi, matete. Sasa. Ya kwanza ikaenda mahali pake pa kawaida. Ya pili ikapanda juu yake. Ya tatu ikapanda tena. Nilijitafuta mwenyewe, pumzi, kidole, shavu, vyote vilikuwa mahali pake. Ya tano ilikuwa juu kabisa ya karatasi. Matundu yalikuwa yamepangwa kama mtu anapanda ngazi.

"Basi," Komanda alisema, akisimama na kujipangusa makombo. "Madame anabaki. Kizee kimechoka, tumruhusu apumzike." Mwalimu Rajabu alikuwa ananitazama mimi. Angeweza kusema. Baadaye niliwaza kwamba aliona kitu kilekile, na kwamba alingoja kwa makusudi, na kwa siku nyingi nilimkasirikia, na sasa simkasirikii tena. Nilimgeukia Furaha. Nikamwonyesha kwa mkono: karatasi. Akaitoa kwenye sidiria, imelainika kama kitambaa. Nikaikunja, nikaipitisha kati ya mtutu na ubao. Iliingia kidogo, ikakwama. Nikaivuta, nikajaribu upande mwingine. Ikakwama. Uso wa Furaha ulibadilika kabla sijafungua mdomo.

Watu wasiokuwa na haya hawajui mwili unafanya nini. Masikio yanajaa, ulimi unakuwa kitu cha mtu mwingine. Shuleni nilikuwa najua jibu na naacha mwenzangu apewe alama. Nilisimama na bunduki ikiwa chini, komeo wazi, na nikasema, nikiangalia viatu vya Komanda, "Ubao umekunywa maji."

"Unasema?"

"Ubao umekunywa maji, Komanda. Umevimba. Unagusa mtutu."

"Maji gani? Mvua haijanyesha tangu lini?" Akaangalia huku na huku. "Nani ameosha bunduki?"

Kisha Furaha akanyoosha mkono kama darasani. "Mi, Komanda. Na omo na burashi, jana. Halafu nikapaka mawese. Mi nilitaka aonekane muzuri mbele yenu. Kesho naenda, sitamuona tena."

Muuza vyuma ndiye alianza kucheka, lakini hakumaliza, kwa sababu Furaha alikuwa analia, na Mwalimu Rajabu alikuwa ameinama anajishika magoti, anazuia kicheko. "Mwanangu," alisema, "bunduki si sufuria." Hapo tukacheka wote, hata Furaha, makamasi yanatoka. Mimi sikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo na niliogopa nikiufunga hautafunguka tena. Nikaomba tupewe mpaka baada ya swala ya alasiri. Komanda aliangalia saa, akaangalia jikoni, akauliza kama nyama iko tayari. Haikuwa. "Mpaka alasiri," alisema. "Pikapu haiondoki na njaa."

Nakumbuka ule mchana kuliko sikukuu zote nilizowahi kuona. Mwalimu alifungua skrubu mbili za chini, mtutu ukatoka, na ubao ukabaki mikononi mwetu kama mtumbwi mdogo. Mhudumu alitupa mwiko wa bugali. Tukazungushia msasa kwenye mpini wake, na mimi na Furaha tukakaa chini, mmoja kila mwisho, tunasugua ndani ya ule mfereji kwa zamu. Mbao ilikuwa inatoka imelowa, kama unga wa muhogo. Tukauweka juani, tukaugeuza, tukasugua tena. Hatukuongea mambo makubwa. Aliniuliza kama huko kuna ndagala. Nikamwambia samaki wapo kila mahali. Akasema, "Samaki, ndiyo. Mi nimeuliza ndagala." Alitaka kujua kama nitaendelea kuja Jumamosi. Nikasema ndiyo. "Na nani atakusomea?" Niliendelea kusugua. Mikono yetu ilikuwa inanuka mawese mpaka viwiko.

Alasiri karatasi ya biskuti ilipita mpaka mwisho. Nililala. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, ule wa jioni ambao wanachama wanaukimbia, na kitenge ya njano ilikuwa inapiga kelele kwenye kamba. Furaha alichukua muda wake. Aliningojesha mpaka nikasikia kamati inakohoa. "Ngoja. Usisikilize wale. Moshi inarudi. Ngoja... sasa." Mara tano. Tulipofika kwenye karatasi, alikuwa ameshaweka kiganja chake, chini kushoto, na hakuna tundu lililoonekana nje ya vidole. Komanda alikuja anahema, akamtoa mkono, akachungulia. "Lakini hata moja haiko katikati!" Na mimi, ambaye siku hiyo nilikuwa nimetumia maneno ya mwaka mzima, nikamwambia kwamba imekosea mahali pamoja mara tano, na bunduki inayokosea mahali pamoja inasema kweli, ni darubini yake tu haijaulizwa. Madame anapiga katikati mara moja halafu hajulikani aliko. Nikasema tena, polepole. Mwalimu Rajabu akatembea mpaka kwenye bunduki, akazungusha vifundo viwili vya darubini, juu, kulia, akasogea pembeni. Nikapiga moja. Furaha hakuhitaji kutembea. Aliangalia kwenye darubini yake, akaviringika chali juu ya majani, akaitazama anga. "Amesikia," alisema. "Zaina, amesikia kile ameambiwa."

Komanda aliandika namba ya Mukecuru kwenye karatasi ya leseni hapo hapo, juu ya boneti ya pikapu. Madame na Nyeusi zikafungwa kwenye blanketi zao. Muuza vyuma alimgusa yule swala kwa kidole kimoja kabla hawajafunika. Furaha aliniaga njiapanda ya kwao, jua likiwa halijazama, mama yake akimwita aje apimishe mabegi. Nilitaka kusema nitakuja kwenye basi la kuwapeleka uwanja wa ndege. Alinizuia. "Apana kuja. Wanatufungia ndani, tutalia kupitia kioo kama mbuzi. We enda kwa Mukecuru. Mi nitaangalia chini." Akanirudishia karatasi ya biskuti, akaingia.

Asubuhi yake nilitoka baada ya swala ya alfajiri, nikamwomba Mwalimu Rajabu anifungulie kibanda. Akanitolea Mukecuru na sanduku la risasi, akakaa mbali, kwenye ngazi ya buvette, na chai yake. Nguo za Kajaga zilikuwa bado hazijaanikwa. Moshi ulikuwa mmoja, mwembamba, umesimama wima. Nikalala, nikaweka shavu mahali pake, nikatia risasi moja, nikasukuma komeo, nikalilaza, na nikangoja mtu aniambie. Matete hayakutikisika. Kidole changu kilikuwa tayari. Kisha nikaisikia ndege yao inaanza kule uwanja wa ndege, sauti ndefu inayokua, na kabla haijainuka juu ya matete nilikuwa nimevuta komeo nyuma. Risasi ikaruka nzima, ikaanguka kwenye mchanga. Nikaliacha komeo wazi, nikaondoa mikono, nikasimama, na nikapunga mkono mpaka sauti ikaisha.